Waziri akikosea bungeni, lile kosa linatokaje kwenye Hansadi?

Nianze na kisima. Kijijini kwa mama yangu kuna mradi wa maji ambao umezungumzwa bungeni, na siku ulipozungumzwa mbunge wetu aliuliza swali la nyongeza, waziri akasimama (simtaji, wala wizara siitaji) akasema mradi umefika asilimia 95 na wananchi wajiandae kupokea maji. Shangazi alinipigia usiku uleule, ana furaha, anasema maji yanakuja. Sasa mimi nilikuwa nimetoka huko wiki mbili nyuma. Nilichoona kwa macho yangu ni mtaro uliochimbwa ukaachwa, mabomba ya bluu yamelala kwenye nyasi mpaka majani yameota katikati yake, na sehemu ya tenki kulikuwa na kokoto tu, msingi hakuna. Nikamwambia shangazi tusubiri, nikashindwa kumwambia zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja linanisumbua: ile asilimia 95 imeshaingia kwenye Hansadi, yani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, sasa inatokaje? Nani ana haki ya kuitoa? Na je, inaruhusiwa kutoka? Nimelifuatilia hili jambo kwa muda, nikagundua kwamba watu wengi, na mimi nikiwemo, tunachanganya mambo kadhaa tofauti na kuyaita yote "kurekebisha Hansadi". Kuhariri ni kitu kingine, kusahihisha ni kitu kingine, kufuta kauli ni kingine kabisa, na kulidanganya Bunge kwa makusudi ni kesi nyingine yenye adhabu zake. Nitaeleza kwa kutumia Uingereza kwa sehemu kubwa, maana ndiko Hansadi ilikotoka na ndiko utaratibu wa masahihisho ya mawaziri umeandikwa na kubishaniwa miaka mingi, halafu nitarudi Dodoma.

Hansadi ni jina la mtu. William Cobbett alianza kuchapisha majadiliano ya Bunge la Uingereza mwaka 1803, baadae kazi ile ikanunuliwa na mchapishaji wake, Thomas Hansard, na jina la Hansard likakaa kwenye jalada mpaka likazoeleka. Mwaka 1909 Bunge lenyewe likaichukua kazi hiyo ikawa taarifa rasmi. Nchi zilizotawaliwa na Waingereza zikarithi utaratibu pamoja na jina, ndio maana leo Dodoma, Nairobi na Kampala wote wanasema Hansadi, ingawa kwetu jina lake kamili ni Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge.

Sasa hapa ndipo fundo la kwanza lilipo. Watu wengi wanaamini Hansadi ni kila neno kama lilivyotoka mdomoni. Hapana. Kamati ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1907 ilitoa maelezo yanayotumika mpaka leo, kwamba ni taarifa inayofuata maneno ya msemaji kwa karibu sana, marudio yasiyo na kazi yanaondolewa, makosa ya wazi yanarekebishwa, lakini hakiachwi kitu chochote kinachoongeza maana ya hotuba au kuonyesha hoja yake. Yani waziri akisema "tumejenga, tumejenga, Mheshimiwa Spika, tumejenga vituo vitatu", mhariri anaweza kuacha "tumejenga" moja na hakuna aliyeonewa. Lakini waziri akisema vituo vitatu wakati kimejengwa kimoja, mhariri hana ruhusa ya kugusa hapo, kwa sababu hilo sio kosa la ulimi, ni habari, na mwenye habari ni waziri. Mhariri wa Hansadi anatunza kilichosemwa, hatunzi kilicho kweli. Ukishaielewa hiyo sentensi moja mambo mengi yanakaa sawa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "kwa nini wasiingie tu kwenye mtandao wabadilishe ile namba?" namwambia wakibadilisha watakuwa wameharibu ushahidi. Fikiria waziri amesema bilioni 3, mbunge wa upinzani akasimama akamshangaa kwa hiyo bilioni 3, mwingine akapiga makofi kwa sababu ya hiyohiyo bilioni 3, halafu kesho yake mtu anaingia anaweka milioni 3 kimyakimya. Atakayesoma miaka 10 mbele ataona wabunge wazima wanashangilia kitu ambacho hakipo. Na kibaya zaidi, hakuna atakayejua kwamba waziri alikosea. Maneno ya mwanzo lazima yabaki. Sahihisho linakuja kama kitu cha pili, chenye tarehe yake na jina la aliyelitoa.

Uingereza walifanyaje? Tangu 2007 kuna sehemu maalum kwenye Hansadi yao ya masahihisho ya mawaziri. Nimezisoma nyingi na zina sura moja. Kwanza wanakariri kipande cha majadiliano kama kilivyokuwa, swali la mbunge na jibu la waziri, pamoja na tarehe, namba ya kitabu na namba ya safu. Chini yake kinakuja kichwa kinachosema hii ni barua ya masahihisho kutoka kwa waziri fulani. Halafu sentensi moja kavu: kuna kosa limeonekana kwenye jibu langu kwa mheshimiwa fulani. Halafu: taarifa sahihi ingepaswa kuwa hivi, na jibu linaandikwa upya likiwa na namba sahihi. Basi. Hakuna kujitetea, hakuna stori ndefu ya nani alimpa takwimu mbovu. Mara nyingi ni mambo madogo, mwaka umekosewa, asilimia imekosewa, milioni imesemwa bilioni. Mimi naipenda ile barua fupi kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusoma, kwa sababu mtu mkubwa anaandika kwa jina lake kwamba nilichosema hakikuwa sahihi na sahihi ni hiki hapa.

Lakini barua sio njia pekee, na hapa ndipo panapohitaji umakini. Kosa likiwa zito kuliko la namba, waziri anatarajiwa kupanda juu zaidi: anaweza kutoa kauli ya maandishi, au kusimama kwa utaratibu wa Bunge na kusema mbele ya wenzake, au kutoa kauli kamili ya waziri ambayo wabunge wanaruhusiwa kumuuliza maswali. Tofauti ni kubwa sana. Ukiandika barua hakuna anayekuuliza kitu, ila ukisimama na kutoa kauli unakula maswali labda nusu saa nzima. Anayechagua ni nani? Ni waziri mwenyewe. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Kabla sijaenda huko nieleze kwa nini hizi namba na maneno yana uzito, maana kuna watu wanasema "aah, maneno ya bungeni tu hayo". Uingereza kuna kesi maarufu inaitwa Pepper dhidi ya Hart, iliamuliwa mwishoni mwa 1992. Walimu wa shule binafsi moja, Malvern College, walikuwa wanasomesha watoto wao palepale kwa punguzo, wanalipa sehemu moja ya tano ya ada. Mamlaka ya kodi ikasema hilo punguzo ni faida ya kazini, tulipeni kodi, na ikataka kupiga hesabu kwa gharama ya wastani ya kila mwanafunzi. Walimu wakasema hapana, nafasi zilikuwa wazi tu, gharama ya kuongeza mtoto mmoja ni ndogo sana. Sheria yenyewe, ya mwaka 1976, haikuwa wazi. Majaji wakafanya kitu ambacho mahakama za kule zilikuwa hazikifanyi, wakafungua Hansadi, wakakuta waziri mmoja wa wizara ya fedha aliyekuwa anausimamia ule muswada kwenye kamati mwaka 1976 aliulizwa kuhusu walimu wa namna hiyohiyo na akajibu kwa maana iliyowapa walimu haki. Walimu wakashinda. Kanuni iliyotoka pale ni kwamba sheria ikiwa na utata, mahakama inaweza kuangalia alichosema waziri aliyeileta bungeni kama alikisema kwa uwazi.

Yani maneno ya mtu mmoja, yaliyosemwa kwenye kamati miaka 16 nyuma, yakaamua kodi ya familia za walimu. Sasa chukulia waziri yule angekuwa amekosea siku ile, akarudi ofisini akagundua, akanyamaza. Ndio maana kusahihisha sio heshima tu ya Bunge, ni jambo linaloweza kuingia mfukoni mwa mtu ambaye hajawahi hata kuona mlango wa Bunge.

Haya, tuje kwenye lile la makusudi. Mfano ambao kila anayesoma siasa za Uingereza anaujua ni wa John Profumo, waziri wa vita. Machi 22, 1963 alisimama bungeni asubuhi kujibu uvumi kuhusu uhusiano wake na binti anaitwa Christine Keeler, akasema hakukuwa na jambo lolote lisilofaa katika kufahamiana kwao. Juni mwaka huohuo akakiri kwamba alisema uongo, akajiuzulu. Kilichomwangusha mwishoni ni kwamba alilidanganya Bunge. Na yale maneno yake ya Machi bado yapo kwenye Hansadi mpaka leo, hakuna aliyeyagusa, ukiyasoma huku unajua kilichofuata mwili unasisimka.

Lakini Profumo ni kesi rahisi kwa sababu mwenyewe alikiri. Kesi ngumu ni ile ya silaha za Iraq. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya kuiuzia Iraq vifaa, huku wabunge waliouliza wakijibiwa kwa barua kwamba sera haijabadilika. Jaji Richard Scott akachunguza, Februari 1996 akatoa ripoti ya zaidi ya kurasa 1,800. Akasema majibu yale hayakuwa sahihi na yalipotosha, ila kuhusu waziri mmojawapo, William Waldegrave, akakubali kwamba hakuwa na nia ya udanganyifu. Mjadala ulipofika bungeni serikali ikapona kwa kura moja, 320 kwa 319. Nchi nzima ikabaki inajiuliza, sasa hii ni nini, amepotosha au hajapotosha?

Jibu lao lilikuja Machi 1997, mabunge yote mawili yakapitisha maazimio, na maneno yake ndio yaliyopo kwenye mwongozo wa maadili ya mawaziri mpaka sasa. Kwa ufupi yanasema hivi: ni muhimu kupita kiasi kwamba waziri alipe Bunge taarifa sahihi na za kweli, na akikosea bila kukusudia arekebishe mapema iwezekanavyo. Na waziri aliyelipotosha Bunge huku akijua anatarajiwa kumpelekea Waziri Mkuu barua ya kujiuzulu. Angalia vizuri, hapo kuna njia mbili zinazoachana. Hukukusudia? Sahihisha haraka na maisha yaendelee. Ulijua? Ondoka. Na kinachotenganisha hizo njia mbili ni kilichokuwa kichwani mwa mtu, kitu ambacho hakuna mhariri wa Hansadi anayeweza kukinasa kwenye kinasa sauti.

Kwa maoni yangu neno lenye nguvu pale sio "kujua". Ni "mapema". Kwa sababu kujua kunathibitishwa na kuchelewa. Mtu aliyekosea kweli akionyeshwa anarekebisha. Mtu anayeonyeshwa mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na anaendelea kurudia ileile, hapo nia yake inaanza kujionyesha yenyewe bila kumpasua kichwa. Amber Rudd, waziri wa mambo ya ndani, Aprili 2018 aliiambia kamati ya Bunge kwamba wizara yake haina malengo ya idadi ya watu wa kuondolewa nchini, wakati ule wa sakata la Windrush la wazee wenye asili ya Karibiani walionyimwa haki zao. Nyaraka zikatoka zikionyesha malengo yalikuwepo. Ndani ya siku chache akajiuzulu, akaandika kwamba aliipotosha kamati bila kukusudia. Hakusema nilijua, lakini hata kutojua kulimtoa.

Upande mwingine kuna Boris Johnson, Waziri Mkuu wa wakati huo. Desemba 2021 aliambia Bunge kwamba miongozo yote ya korona ilifuatwa pale ofisini kwake, na kwamba amehakikishiwa hakukuwa na sherehe. Baadae polisi wa London wakatoa faini 126 kwa matukio ya ofisi za serikali, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliopigwa faini. Kamati ya Haki za Bunge ikakaa mwaka mzima, Juni 2023 ikasema alilipotosha Bunge kwa makusudi, na kama angekuwa bado mbunge wangependekeza asimamishwe siku 90. Alishajiuzulu ubunge siku chache kabla. Bunge likaipitisha ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7. Miaka 26 baada ya lile azimio, hatimaye likafika kwa Waziri Mkuu, yuleyule ambaye mawaziri wengine ndio wanatakiwa kumpelekea barua za kujiuzulu.

Sasa turudi kwenye lile nililosema uliweke akilini, nani anaweza kulazimisha sahihisho. Kiukweli hakuna. Mbunge akisimama akasema Mheshimiwa Spika, waziri ametupa takwimu isiyo sahihi, Spika wa Uingereza jibu lake limezoeleka: kiti hakihusiki na usahihi wa majibu ya mawaziri, lakini umeshaiweka hoja yako kwenye kumbukumbu. Yani asante, kaa chini. Na ukienda mbali zaidi ukatumia neno uongo, unatoka wewe. Julai 22, 2021 mbunge Dawn Butler alisimama akapanga moja baada ya nyingine kauli za Johnson alizoona si za kweli, akasema Waziri Mkuu amelidanganya Bunge na nchi tena na tena. Naibu Spika wa muda aliyekuwa kitini, Judith Cummins, akamwomba atafakari maneno yake na ayafute. Butler akakataa, akasema kwamba inashangaza tunapata shida kwa kuutaja uongo kuliko anayeusema. Akaamriwa atoke kwa muda wote uliobaki wa siku hiyo. Januari 2022 ikawa zamu ya Ian Blackford, kiongozi wa wabunge wa SNP, chama cha kitaifa cha Scotland, aliyesema Johnson amelipotosha Bunge. Spika Lindsay Hoyle alimpa nafasi zaidi ya mara moja aongeze maneno mawili tu, "bila kukusudia", ili sentensi yake iruhusiwe. Hakutaka. Akatoka.

Naelewa sababu ya hiyo kanuni, kweli naielewa. Bunge ambalo kila mtu anamwita mwenzie mwongo kila dakika haliwezi kupitisha hata bajeti. Ila matokeo yake ni kwamba aliyekosea ana uhuru wa kunyamaza na anayemwonyesha kosa ana adhabu, na mimi naona mizani hiyo haijakaa sawa. Ndani ya ukumbi hakuna mtu wa katikati. Wakati mwingine mtu wa katikati anatoka nje kabisa: Februari 2022 mwenyekiti wa mamlaka ya takwimu ya Uingereza, David Norgrove, aliandika barua kuhusu kauli ya Johnson kwamba watu wenye kazi wameongezeka kuliko kabla ya korona. Akaeleza vizuri, waajiriwa kwenye orodha za mishahara ni kweli wameongezeka, lakini waliojiajiri wamepungua kwa idadi kubwa zaidi, kwa hiyo ukijumlisha wote kauli ile si sahihi. Ilikuwa barua nzuri, ya kitaalamu, lakini haina meno, haiingii yenyewe kwenye Hansadi mpaka waziri akubali.

Mwaka 2023 kamati yao ya taratibu ilipendekeza mabadiliko na Bunge likayakubali. Wabunge wa kawaida nao sasa wanaweza kupeleka masahihisho, sio mawaziri peke yao, na kwenye Hansadi ya mtandaoni sahihisho linaunganishwa na pale kosa lilipo, unabonyeza unapelekwa. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo la kiteknolojia lakini kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Zamani kosa lilikuwa ukurasa huu na sahihisho liko wiki tatu mbele, kwenye sehemu ambayo hakuna anayeifungua. Mwandishi wa habari anayetafuta jina la kata yake anaangukia kwenye kosa, anakopi, anaondoka. Sahihisho lisilosimama karibu na kosa lake ni sawa na halipo.

Dodoma je? Hapa kwetu kuna jambo moja ambalo huwa linanifurahisha kama mtu anayependa lugha. London neno uongo linakutoa nje, wakati Kanuni za Kudumu za Bunge letu zina kifungu kizima kinachoitwa "kutosema uongo Bungeni", kimeandikwa hivyohivyo bila kuzungusha. Mbunge anaruhusiwa kusimama "kuhusu utaratibu" na kudai kwamba aliyekuwa anasema ametoa maelezo ya uongo. Hapo tumewazidi kwa ujasiri. Lakini anayedai ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha, na anapewa muda wa kuleta ushahidi kwa Spika. Kwa mbunge anayemnyooshea kidole waziri hii ni kazi nzito, kwa sababu nyaraka za wizara ziko wizarani.

Watu wengi mnakumbuka Juni 2024. Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa, alidai Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, amelidanganya Bunge kuhusu suala la sukari. Spika wa wakati huo, Tulia Ackson, akampa mpaka Juni 14 alete ushahidi. Akaupeleka, na siku hiyohiyo akazungumza na waandishi wa habari kuhusu ushahidi ule. Suala likaenda Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Juni 24 akasimamishwa vikao 15, kosa lake likiwa kuuweka ushahidi hadharani kabla Spika hajaufanyia kazi. Nani alikuwa sahihi kwenye sukari sio ninachokizungumzia hapa. Ninachotaka uone ni njia ambayo kesi ilipita. Ilianza na swali la kama taarifa ya serikali ilikuwa sahihi, na kilichojadiliwa na nchi nzima mwishoni kikawa mwenendo wa aliyeuliza. Ukiwa na utaratibu unaoanzia kwenye tuhuma ya uongo, hivyo ndivyo inavyokuwa, kila mtu anajilinda, na ile namba iliyoanzisha yote inabaki imekaa pembeni.

Na hapa ndipo nataka tuachanishe kufuta na kusahihisha, maana kwetu kauli tuliyoizoea ni "futa kauli". Ukisikiliza Bunge redioni hupiti wiki bila kusikia "Mheshimiwa, futa kauli yako", na mheshimiwa anasema nafuta, tunaendelea. Sawa. Kufuta kunafaa kwa tusi, kunafaa kwa tuhuma usiyoweza kuithibitisha. Lakini kufuta hakumwambii msikilizaji ukweli ni upi. Waziri akisema shule zimejengwa 40, akaambiwa afute, akafuta, tumebaki na nini? Hatujui kama ni 12 au 38 au hakuna hata moja. Tumebaki na shimo. Kusahihisha ni kulijaza lile shimo: nilisema 40, sahihi ni 12, hii hapa orodha.

Kenya wana mzunguko wao, tangu Katiba ya 2010 mawaziri sio wabunge, wanakuja bungeni kama wageni wa kujibu maswali na kuondoka, kwa hiyo hata suala la nani anasimama kurekebisha linachukua sura nyingine. Hilo linahitaji makala yake.

Kwetu mlango upo. Kanuni zinaruhusu kauli za mawaziri, waziri anaweza kuomba nafasi asubuhi baada ya maswali akasimama dakika tatu akasema juzi nilijibu hivi, nimeletewa taarifa kutoka mkoani, sahihi ni hivi. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni kuizoea hiyo sentensi, na sisi huku nje tuache kumzomea waziri anayerekebisha kama vile ndiye mbaya kuliko aliyenyamaza. Nimeona mtandaoni waziri anakiri namba ilikosewa watu wanamchana wiki nzima, na mwenzie ambaye hajawahi kurekebisha kitu hakuna anayemgusa. Tukiendelea hivyo atarekebisha nani? Na jambo la pili, masahihisho yawekwe kwenye ukurasa uleule wa tovuti ambapo kosa lipo. Hansadi zetu ziko mtandaoni kwa Kiswahili, kitu ambacho wananchi wa nchi nyingi za Afrika hawana kwa lugha yao, mtu wa kata yoyote anaweza kufungua kwenye simu akasoma alichoahidiwa. Kuongeza mstari mmoja unaosema "tazama masahihisho ya tarehe fulani" ni kazi ya dakika.

Sasa kile kisima. Mwaka uliofuata mbunge wetu aliuliza tena, mradi uleule, kijiji kilekile. Jibu likaja kwamba utekelezaji umefika asilimia 60 na serikali inaendelea kutafuta fedha. Sitini! Kutoka 95. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea ukurasa. Hakuna mahali pameandikwa kwamba jibu la mwaka jana halikuwa sahihi, hakuna aliyesema tulipewa takwimu mbovu, hata mbunge wetu mwenyewe hakukumbusha, alishukuru kwa majibu mazuri akauliza la nyongeza kuhusu barabara. Hiyo ndiyo njia ambayo makosa mengi yanarekebishwa, namba inashuka katikati ya mikutano miwili na kila mtu anapita kama haijawahi kuwa juu.

Nilizipiga picha kurasa zote mbili nikamtumia mbunge kwa WhatsApp, nikaweka tarehe, nikazungushia 95 na 60 kwa rangi nyekundu, nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku akipata nafasi amuulize waziri kati ya hizi mbili ipi ndiyo sahihi. Alama mbili za bluu zimeshatokea. Bunge la bajeti linaanza Aprili.